Sinagogi la Fustat na Chumba Chake cha Makaratasi

Katika Sura al-Hajj, aya ya 40, masinagogi ya Mayahudi yametajwa sambamba na makanisa na misikiti, miongoni mwa nyumba za ibada ambazo Mwenyezi Mungu huzikinga zisibomolewe. Pamoja na hayo, mwanzoni mwa karne ya 11 mtawala wa Kifatimi, al-Hakim, aliamuru makanisa na masinagogi ya Misri yavunjwe. Sinagogi la Ben Ezra, lililoko Fustat, mji alioasisi Amr bin al-As, halikusalimika. Kufikia karibu mwaka 1040 lilikuwa limesimama tena.

Jengo lionekanalo leo ni la miaka ya 1890, lililojengwa mahali pale pale. Lina orofa mbili. Safu za nguzo hugawa ukumbi sehemu tatu, katikati pana jukwaa la marumaru lenye pembe nane la kusomea Taurati, na juu ni roshani ya wanawake. Katika jengo la zamani, mwishoni mwa roshani hiyo palikuwa na chumba kisicho na mlango wala dirisha. Mtu alipanda ngazi akatumbukiza makaratasi tunduni. Mayahudi hawatupi ovyo karatasi yenye jina la Mungu, kama wazee wetu wasivyotupa juzuu zilizochakaa.

Humo ziliingia pia barua za wafanyabiashara wa Aden na Bara Hindi, hati za ndoa, na miswada ya mkono wa Musa bin Maymun, tabibu aliyefariki mwaka 1204. Nyingi ni Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, kama wahenga wa pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. La ajabu zaidi, zimo amri za serikali ya Kifatimi: Mayahudi walizikata, wakaandika dua zao kwenye nafasi tupu. Hazina ya nyaraka za dola hiyo yenyewe imepotea. Kilichosalia kimehifadhiwa kwa sehemu kubwa na waumini wa nyumba ambayo dola hiyo iliibomoa.

Majira ya baridi ya 1896 hadi 1897, mwanazuoni Solomon Schechter, kwa idhini ya viongozi wa jumuiya hiyo, alipeleka Cambridge vipande zaidi ya 190,000. Sinagogi lilikarabatiwa na kufunguliwa tena kwa wageni mwaka 2023, hatua chache kutoka Msikiti wa Amr.