Oili ya Volkswagen ya Zamani

Ziko Volkswagen zenye umbo la kobe. Nyingi za miaka ya 1960 na 1970 bado zinatembea. Injini yake iko nyuma, nayo haipozwi kwa maji. Hupozwa kwa upepo na kwa oili.

Oili hiyo ni lita 2.5 tu. Tena injini haina filta ya karatasi. Ina chujio la waya, chini ya injini. Chujio huzuia takataka kubwa. Vumbi na unga wa chuma hupita, vikazunguka pamoja na oili. Vyuma husagika kidogo kidogo, mwisho injini hufa.

Tufanye nini basi?

Tumwage oili kila baada ya kilometa 5,000. Tuimwage injini ikiwa bado ina joto, ili uchafu utoke nayo. Tusiimwage karibu na kisima. Tufungue chujio, tulioshe kwa mafuta ya taa, tulikaushe. Kisha tutie oili mpya. Penye joto, namba 30 inafaa. Tupime kwa kijiti. Isipite alama ya juu.

Oili ni ghali, lakini injini ni ghali zaidi.

Maswali
1. Chujio la waya huzuia nini?
2. Nini hupita?