Ploti Mjini, Malisho Bila Ua

Miongoni mwa wenye ploti katika mitaa ya Isiolo kama Bula Pesa, Kiwanjani na Kambi ya Juu, wamo watu ambao mali yao kubwa haiko mjini kamwe. Iko upande wa Merti, Kinna au Kulamawe, mikononi mwa vijana wanaofuata mvua wakiwa na ng'ombe na ngamia. Mfugaji wa aina hii anaponunua ploti ya futi hamsini kwa mia, majirani wa mjini humpongeza kwamba hatimaye ametulia, na wazee wa malishoni humsikitikia kwa sababu hiyohiyo. Pande zote mbili zinakosea. Ploti ya mjini, ikinunuliwa kwa akili, humwezesha mfugaji kuendelea kuhamahama. Hatari iko kwingine: kwenye karatasi anayokabidhiwa, na kwenye dhana kwamba kilichofaa mjini kitafaa na malishoni.

Tangu zamani mifugo ya Waborana, wafugaji wa hapa Isiolo, haitembei kama kundi moja. Ng'ombe wa maziwa hubaki karibu na makazi pamoja na wazee, kina mama na watoto, na kundi hilo ndilo warra. Wasiokamwa huenda mbali na vijana, nao ni fora. Kuhama, basi, siku zote kumehitaji mahali pa kurudi. Kilichobadilika ni kwamba mahali hapo sasa panatakiwa pawe karibu na shule, zahanati na soko. Tazama biashara ya maziwa ya ngamia. Kina mama wa ushirika wa Anolei hupokea maziwa kutoka kwa wafugaji, huyapoza mjini Isiolo, kisha huyapakia kwenye basi ili yafike Eastleigh, Nairobi, kabla hayajaharibika. Kazi hiyo haiendi bila mtu mmoja kuwa kwenye ngamia na mwingine kuwa mjini, mwenye maji, kivuli na mlango wa kufunga. Chumba cha mabati chenye tangi la maji pembeni, bibi mmoja na wajukuu wa shule ndani yake, hiyo ndiyo warra ya leo.

Atasema mtu kwamba ng'ombe huzaa na ploti haizai. Hoja hiyo ina nguvu, na miaka ya mvua nzuri huipa nguvu zaidi. Lakini kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na katika maeneo kame ya Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Mfugaji mara nyingi haendi sokoni kwa sababu bei imepanda. Huenda kwa sababu karo imefika. Ukame ukibana, kila mtu huuza wakati mmoja wanyama walewale waliokonda, na bei huanguka pale hasa ambapo fedha inahitajika mno. Mwenye vyumba viwili vya kupangisha hulipa karo bila kugusa jike la ngamia, na mvua ikirudi anakuwa bado na mbegu ya kuanzia. Mnunuzi mbaya ni yule anayeuza mifugo ya mwisho ili apate ploti. Huyo anahamia umaskini. Historia ya Isiolo imelionyesha hilo kwa uchungu: wakati wa vita vya shifta vya miaka ya 1960 Waborana walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa, kama Garba Tulla na Merti, na mifugo yao mingi ikapotea. Mtafiti Richard Hogg, aliyeandika juu yao katika miaka ya 1980, aliwakuta wengi katika miradi ya umwagiliaji wakiwa maskini na tegemezi. Walikuwa na mahali pa kukaa, lakini hawakuwa na cha kuhamisha.

Sasa karatasi. Isiolo iliwekwa kwenye ramani ya miradi mikubwa na Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008 na kuahidi jiji la kitalii hapa. Ukaja ushoroba wa uchukuzi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, kisha uwanja wa ndege na lami hadi Moyale. Jiji la kitalii bado tunalisubiri, ila bei za ploti hazikulisubiri. Katika haraka hiyo watu wengi wamenunua wakiwa na barua ya mgao tu, na malalamiko ya ploti moja kupewa watu wawili si mageni mjini. Septemba 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilisema wazi kwamba barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi. Ni ahadi yenye masharti. Aliyepewa asipoyatimiza na kusajiliwa, hana cha kumwuzia mwingine. Hili humgonga mfugaji kuliko mtu yeyote, kwa kuwa yeye hayupo. Mkaaji wa kudumu akiona bikoni zinahamishwa alfajiri atapiga kelele. Aliye Merti na fora atasikia baada ya miezi mitatu, msingi wa nyumba ya mtu ukishamwagwa. Kwa mtu anayehama, hati miliki ndiyo mlinzi pekee anayebaki.

Hapo huibuka swali gumu zaidi. Ikiwa hati ni njema hivyo, kwa nini malisho nayo yasigawanywe, kila familia ipewe kipande chake? Kajiado walijaribu. Ranchi za vikundi zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 zilianza kukatwa vipande, ya Kitengela ikigawanywa mwaka 1988. Vipande vikauzwa, seng'enge zikasimama, njia za mifugo na wanyamapori zikazibwa, hadi mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kwa kila ekari ili wasiweke ua. Yaani fedha inatolewa kurudisha kile ambacho awali kilikuwa bure. Isiolo, yenye mvua haba kuliko Kitengela, itaumia zaidi, maana mvua ya hapa huanguka kwa madoa: bonde hili limenyeshewa, la jirani ni vumbi. Kipande cha familia moja, hata kiwe kikubwa vipi, kitakosa mvua mwaka fulani. Ndiyo maana dedha, baraza la wazee la Waborana, hupanga malisho ya masika, ya kiangazi na ya akiba kwa eneo zima. Wamongolia wameishi na jambo hilihili. Sheria yao ya ardhi ya mwaka 1994 iliruhusu familia kupewa vyeti vya kumiliki matumizi ya kambi zao za kipupwe na za majira ya kuchipua, huku malisho yakibaki ya wote.

Sheria yetu inaruhusu mpangilio uo huo. Ibara ya 63 ya Katiba inailinda ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inazikataza serikali za kaunti kuuza au kubinafsisha ardhi hiyo ikiwa haijasajiliwa. Jamii ikishajisajili, haiwezi kuiuza bila theluthi mbili ya wanachama wake kukubali. Kwa hiyo anayekuonyesha ploti katikati ya malisho ya Burat au Oldonyiro, akiwa na karatasi yenye muhuri tu, hana kitu cha kukuuzia. Unayetaka kununua, nunua mjini. Kabla ya kumtoa hata ndama mmoja, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa sajili, umlipe soroveya akuonyeshe bikoni, na uhakikishe mwenzi wa muuzaji ameridhia. Kisha rudi kwa wazee wa dedha, uwaulize usajili wa ardhi ya jamii yenu umefikia wapi.