Huwezi Kukata Rufaa Dhidi ya Kikao cha Ukoo

"Wakili, ukoo umeshakaa na umeamua. Sasa rufaa tunaipeleka wapi?"

Wiki hii nimeulizwa swali hili mara tatu. Mara ya mwisho aliyeuliza ni mjane aliyekuja mjini kwa basi la alfajiri, mtoto mgongoni, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne kwenye pindo la kanga. Nimelijibu ofisini, redioni na kwenye mikutano ya vijiji, nalo linarudi kwa maneno yaleyale. Leo nalijibu kwa maandishi. Hakuna rufaa. Rufaa hukatwa dhidi ya hukumu, na hukumu hutolewa na mahakama. Shemeji zako waliokaa chini ya mwembe siku ya kuanua tanga si mahakama. Hawajakuhukumu; wamekueleza wanachotaka.

Karatasi ile ilikuwa na kichwa cha habari, "Muhtasari wa Kikao cha Ukoo", majina kumi na manne, kumi na mawili ya wanaume, na mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Katikati kulikuwa na sentensi moja iliyobeba kila kitu: shamba la ekari tano na nyumba vitakuwa chini ya mdogo wa marehemu kwa niaba ya familia. Chini kabisa kulikuwa na alama ya dole gumba la mjane mwenyewe. Nilimuuliza kama alisomewa kabla ya kuweka dole. Akasema aliambiwa ni orodha ya waliohudhuria msiba.

Imani kwamba karatasi ya namna hii inagawa mali haikuota yenyewe. Mahakama za mwanzo zimezoea kumtaka anayeomba usimamizi wa mirathi alete muhtasari wa ukoo, na watendaji wa vijiji nao hukataa kuandika barua ya utambulisho mpaka wauone. Mtu akiona kila dirisha linaidai karatasi hiyo, ataamini kuwa ndiyo yenye nguvu. Lakini mahakama inaitaka kwa kazi ndogo: kujua marehemu aliacha nani, na nani anapendekezwa kusimamia. Ni ushahidi, tena ushahidi unaoweza kupingwa kama mwingine wowote. Mahakama Kuu imeshasema zaidi ya mara moja kwamba kikao cha ukoo si sharti la kisheria, na kwamba maombi hayafi kwa kukosa muhtasari. Mjane anaweza kwenda mahakamani bila hata shemeji mmoja kuafiki. Binti anaweza pia.

Kosa la pili limezaliwa na hilo la kwanza, nalo ndilo linalouza mashamba. Mdogo wa marehemu anakwenda mahakamani na muhtasari wake, anateuliwa, anarudi kijijini na Fomu Na. 4 mkononi, na kuanzia siku hiyo kijiji kizima kinamwita mwenye shamba. Fomu Na. 4 si hati ya shamba. Ni barua ya kumtuma mtu kazi: kusanya mali ya marehemu, lipa madeni yake, wape warithi haki yao, kisha rudi ueleze ulivyofanya. Kanuni zinampa miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, na baadaye hesabu kwa Fomu Na. 6. Nimekutana na wasimamizi waliokaa na Fomu Na. 4 miaka saba bila kurudisha chochote, wakikodisha mashamba ya mayatima na kula kodi. Hakuna aliyewauliza, kwa sababu kila mtu aliamini ukoo ulishamaliza.

Hapa wazee huniambia, na wengine ni wasomi, kwamba mila nayo ni sheria. Ni kweli, na sitaificha. Lipo Tamko la Sheria za Mila, Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, na kanuni zake za urithi kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zinamuumiza mwanamke waziwazi. Zinampanga mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, ndugu zake wa kiume la pili, na mabinti la tatu. Zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Hata hivyo, wanaoitaja mila hawajaisoma. Tamko hilo lenyewe linamrithisha binti. Ardhi ya ukoo linampa aitumie bila kuiuza, na ukoo ukikosa mwanamume linampa moja kwa moja. Ile kauli ya vikaoni kwamba mwanamke hagusi ardhi haimo hata katika kitabu hicho kigumu cha 1963. Ni nyongeza ya wanaotaka shamba.

Tena mila si moja. Tamko hilo liliandikwa kwa jamii za ukoo wa baba. Kwa Waluguru ardhi imefuata ukoo wa mama tangu enzi, na anayedai mbele yao kwamba mila ya Mwafrika haimpi mwanamke ardhi atakuwa anazungumzia kwao tu.

Kisha kuna neno "ardhi ya ukoo" lenyewe, ambalo hutandazwa juu ya kila kitu. Kibanja alichokiacha babu Bukoba, au kihamba cha mababu Kilimanjaro, hilo naelewa. Lakini shamba ambalo mume na mke walilinunua kwa fedha za pamba, wakalisafisha visiki kwa mikono yao, limekuwaje la ukoo siku mume alipozikwa? Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, kifungu cha 161, inatambua kwamba mwenzi aliyetia jasho lake kuliendeleza shamba lililo kwa jina la mwenzake anapata maslahi ndani yake. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishakubali, katika shauri la talaka, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mjane basi asiingie kwenye mirathi kama mgeni anayeomba. Kabla ya kugawa mali ya marehemu, lazima ijulikane ipi ilikuwa ya marehemu na ipi ilikuwa yake yeye.

Mila yenyewe imeshapelekwa mahakamani ikashindwa. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake na kuiuza mwaka 1988. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi akidai mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya, naye akaamua kwamba kanuni hiyo inapingana na usawa uliomo katika Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Muongo mmoja baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ikaweka jambo hilo katika kifungu cha 20: mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili.

Lakini lipo doa, na linanichoma. Wajane wawili kutoka Shinyanga waliiomba Mahakama Kuu ilifute Tamko la 1963. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba linabagua, ikakataa kulifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa sababu za kiufundi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitamka kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Bunge linaweza kulifuta. Bunge linapochelewa, anayelipa ni mwanamke mwenye jembe.

Kwa marehemu Mwislamu aliyeishi kwa dini yake, hali ni nyingine. Mjane ana thumuni marehemu akiacha watoto, robo asipoacha. Binti ana nusu ya fungu la kaka yake. Mafungu hayo yametajwa kwa majina katika Qurani, na hakuna baba mdogo mwenye ruhusa ya kuyafuta kwa sababu kikao kimeona hivyo.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoisoma au kusomewa na mtu wako. Fuatilia cheti cha kifo mapema. Nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikoishi marehemu, uombe usimamizi mwenyewe au pamoja na mtu unayemwamini. Ikiwa marehemu aliishi Kikristo mbali na mila, uliza kwanza kama shauri lianzie Mahakama ya Wilaya. Mwingine akikutangulia, weka pingamizi kabla hajateuliwa. Ameshateuliwa na hagawi? Omba mahakama imwite aeleze, au imwondoe. Usipeleke mirathi kwenye mabaraza ya ardhi: Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya 2021, linasuluhisha tu, na shamba la marehemu halidaiwi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ila na msimamizi aliyeteuliwa. Usikae: madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12. Huna fedha za wakili, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua. Na mlio hai wote wawili, ingizeni majina mawili kwenye hatimiliki ya kimila, tena wiki hii, na mume aandike wosia mbele ya mashahidi wanaojua kusoma, wa ukoo na wa nje ya ukoo, mke akiwepo.

Mjane wa karatasi ya daftari ameshafungua maombi yake. Shemeji yake alikuwa hajafika mahakamani. Alikuwa bado anasubiri mihuri. Dole gumba lile atalieleza mbele ya hakimu, na atasikilizwa. Wewe ambaye ukoo wako unakaa Jumamosi hii, hudhuria, sikiliza, wape wazee heshima yao. Jumatatu asubuhi nenda mahakamani.