Chembe za Magnetiti na Tatizo la Istilahi

Makala haya yana shabaha mbili: kueleza jinsi oksidi ya chuma yenye usumaku inavyotengenezwa katika chembe ndogo mno, na kuuliza iwapo maneno tuliyo nayo yaweza kuibeba maana hiyo bila ya kuipotosha.

Oksidi inayohusika ni magnetiti, yaani Fe3O4. Mtu aweza kushawishika kuiita kutu, kwa kuwa nayo ni zao la chuma na oksijeni. Haifai. Kutu ya kawaida ni ya rangi ya hudhurungi, ina maji katika muundo wake, na huvutwa na sumaku kwa udhaifu mno. Magnetiti ni nyeusi na huvutwa kwa nguvu.

Njia mashuhuri ya kuitengeneza ilielezwa na René Massart wa Ufaransa mwaka 1981. Chumvi mbili za chuma huyeyushwa majini, moja yenye ioni za Fe2+ na ya pili Fe3+, kwa uwiano wa 1 kwa 2. Kisha hutiwa amonia huku mchanganyiko ukikorogwa, na papo hapo maji hugeuka meusi. Hewa huzuiwa, kwani oksijeni huigeuza magnetiti kuwa magemiti. Chembe zipatikanazo huwa na kipenyo cha takribani nanometa 10. Nanometa moja ni sehemu ya bilioni moja ya mita. Neno mashapo lafaa kwa hatua hii tu. Chembe zikishapakwa utando, mathalani wa asidi ya sitriki, huelea bila ya kutuama.

Ama kuhusu sifa zake, kipande kikubwa cha magnetiti kimegawanyika ndani katika maeneo mengi, kila moja na mwelekeo wake wa usumaku. Chembe ndogo hivi ni eneo moja tu, na joto la kawaida latosha kuupindua mwelekeo wake mara nyingi katika sekunde moja, kama alivyoeleza Louis Néel mwaka 1949. Kwa hiyo chembe nyingi kwa pamoja hazionyeshi usumaku. Sumaku ikisogezwa, zote huelekea upande mmoja. Ikiondolewa, huvurugika tena. Ndiyo maana maabara huzitumia kukusanya DNA, kisha kuiachilia.

Sifa hiyo tuiiteje? "Usumaku wa kuazima" ni istilahi tamu masikioni, lakini ni ya uongo: chembe haikuazima kitu. Usumaku ni wake daima. Kibadilikacho ni mwelekeo. Twapendekeza "usumaku geugeu". Yawezekana kupingwa kwamba geugeu ni neno la kulaumu tabia ya mtu. Hoja hiyo ina uzito, lakini lawama hufifia kwa mazoea, ilhali maana potofu hukomaa katika akili ya mwanafunzi. Kwa hiyo mwanaisimu hana budi kukielewa kitu chenyewe kabla ya kukipa jina.