Je, wajua? Tangi la samaki huchafuka kwa shibe

Je, wajua kwamba Kipili na Utinta ni majina yanayotamkwa sebuleni kwa watu wa Ujerumani na Marekani? Wanaofuga samaki wa mapambo huko humtambulisha samaki kwa mahali alikovuliwa. Wana Cyphotilapia wa Kipili, yule mwenye nundu juu ya paji na mistari myeusi ubavuni. Wana pia Cyprichromis wa Utinta, mwembamba, ambaye madume yake hung'aa rangi. Vijiji vyote viwili viko mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi, ambayo makao yake makuu ni Namanyere.

Kinachowasumbua wafugaji wa ng'ambo ndicho kitakachomsumbua mtu wa Namanyere akinunua tangi la kioo, akalijaza maji na kutia samaki siku hiyohiyo. Baada ya siku mbili tatu maji yanageuka meupe, kama yaliyooshewa mchele. Mwenye tangi anamwaga yote, anasugua kioo na mawe, anajaza upya. Weupe unarudi. Anamwaga tena. Hapo samaki wanaanza kufa mmoja mmoja, naye anayalaumu maji ya kwao Ufipa.

Weupe ule ni bakteria, mamilioni kwa mamilioni, wanaoelea huku wakila mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki. Wakishiba, idadi yao huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa moja au hata chini ya hapo. Wapo bakteria wengine wa mwendo wa pole, wa jamii za Nitrosomonas na Nitrospira. Hawa hawapendi kuelea. Hujibandika kwenye changarawe, mawe na sponji ya chujio, na kujigawa mara moja tu huwachukua kama siku nzima. Kazi yao ni kuigeuza amonia, inayotoka kwenye matamvua ya samaki na vitu vinavyooza, iwe nitriti, kisha nitrati ambayo ukali wake ni mdogo sana. Mrusi Sergei Winogradsky aliwachunguza bakteria wa kundi hili mwaka 1890, tena kwenye udongo. Anayesugua kila kitu anawaondoa hawa wapole wenye faida na kuwaachia walafi uwanja.

Basi mbona ziwa lenyewe halichafuki? Ukiwa mtumbwini siku tulivu, mwamba ulio mita 10 chini unauona, na mahali pengine macho hufika hata mita 20. Ziwa Tanganyika ni angavu kwa sababu juu kuna njaa. Lina kina cha hadi mita 1,470, na kuanzia mita 100 au 200 hivi kwenda chini hakuna oksijeni. Kinachokufa juu huzama huko pamoja na rutuba yake. Upepo wa kusi unapovuma, kati ya Mei na Septemba, maji ya chini hupanda upande wa kusini wa ziwa na kuileta rutuba hiyo juani, na mwani huongezeka. Upande wa pili wa nyanda za Ufipa liko Ziwa Rukwa, la kina kifupi, lenye tope linalovurugwa na upepo, na samaki wake wanaishi humohumo bila kulalamika. Macho peke yake si kipimo kizuri cha maji.

Mimi ningeyaogopa maji angavu ya wiki ya kwanza kuliko weupe wake, maana amonia haina rangi. Tena samaki wa Tanganyika wana tatizo lao la ziada. Maji ya kwao yana pH ya karibu 9. Katika maji ya pH 7, hata sehemu moja kati ya mia ya amonia haifiki kwenye umbo lenye sumu kali. Kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25, zaidi ya theluthi nzima iko katika umbo hilo. Kwa hiyo chakula kilekile kilichozidi, ambacho sato kwenye maji ya kawaida angekivumilia, kinaweza kumwua samaki wa Kipili.

Kabla ya kutibu, chota maji kwenye glasi na uyaweke mbele ya karatasi nyeupe. Rangi ya chai inayopitisha mwanga inatoka kwenye kipande cha mti kilichomo tangini, na haina madhara. Kijani ni mwani: ondoa tangi dirishani, punguza saa za taa. Ukiona weupe au kijivu, iache glasi hadi asubuhi. Vumbi la changarawe isiyooshwa vizuri litakuwa limetuama. Bakteria watakuwa bado wanaelea. Kuna weupe mwingine wa wanaoiga maji ya ziwa kwa kutia magadi au chokaa kupita kiasi. Dondoshea siki kwenye glasi. Maji yakitakata, ilikuwa chokaa.

Kwa weupe wa bakteria, dawa ngumu ni subira. Usiwalishe samaki siku mbili, hawatakufa. Badilisha robo ya maji, si yote, na kama ni ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza. Sponji ya chujio ikamulie kwenye maji ya tangi lenyewe. Ukipata konzi ya changarawe kutoka kwenye tangi la rafiki ambalo samaki wake ni wazima, umeokoa wiki kadhaa. Mbegu za mlonge zilizosagwa, zinazotakasa maji ya kunywa, zibaki jikoni: huacha majimaji ya mbegu yanayowaongezea bakteria chakula.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usiiache sponji ndani ya chujio lililofungwa. Oksijeni humalizika mle upesi, bakteria wazuri wanakufa, na pampu ikiwaka tena inaumwaga uozo wote kwa samaki. Itoe, iache ielee tangini, na chujio lisuuze kabla ya kuliwasha.