Je, Wajua? Mlima Usio na Moto, Moto Usio na Mlima

Ukipanda gari Kasese kwenda Bwera, kaa dirisha la kulia. Mawingu yakikubali, milima ya Rwenzori utakuwa nayo njia nzima.

Je, wajua Rwenzori si volkeno? Kilimanjaro na Mlima Kenya ilijengwa na moto. Rwenzori ni pande la miamba ya kale mno, lililosukumwa juu Bonde la Ufa lilipokuwa likitanuka. Margherita, kilele chake cha mita 5,109, kinashindwa na hiyo miwili tu barani Afrika.

Je, wajua ardhi hii haijatulia? Tetemeko la Toro la Machi 20, 1966 liliua watu zaidi ya 100.

Je, wajua reli ilifikishwa Kasese mwaka 1956 kwa sababu ya shaba ya mgodi wa Kilembe? Mabaki ya mgodi huo yalikuwa na kobalti, na kuanzia 1999 kiwanda kiliikamua kwa msaada wa bakteria wanaokula madini.

Je, wajua moto nao upo, ila umeacha mashimo? Kusini ya Kikorongo, inapochepukia barabara ya Bwera, uwanda umejaa kasoko hadi Katwe. Mawe yaliyoyeyuka yalipanda, yakakutana na maji ya chini ya ardhi. Maji yakageuka mvuke ghafla, ardhi ikapasuka. Ziwa Katwe limo ndani ya kasoko mojawapo. Chemchemi hupita kwenye majivu ya volkeno zikiyeyusha chumvi, ziwa halina mto wa kuyatoa maji, na jua huyakausha. Wachimbaji husimama humo saa nyingi, maji yakiwachoma ngozi. Chumvi hiyo hupatikana kwa mateso, na bei yake ingepaswa kuwalipa zaidi.

Je, wajua mawe makubwa yaliyotapakaa kando ya Mto Nyamwamba yaliletwa na maji? Mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yaliyabingirisha kutoka mlimani, yakabomoa nyumba na madaraja.

Je, wajua maji ya mto huo huuzunguka mlima? Huingia Ziwa George, hupita Mkondo wa Kazinga hadi Ziwa Edward, ambako Lhubiriha, mto wa mpakani Bwera, nao humwaga maji yake. Kisha Semliki huyapeleka kaskazini, nyuma ya Rwenzori, upande wa Kongo, hadi Ziwa Albert na Mto Naili.