Mnara wa Siloamu na bweni la Endarasha

KATIKA matanga mengi hakosekani mtu wa kunong'ona: "Hawa walimkosea nini Mungu hata akawaadhibu hivi?" Maneno hayo huwaongezea wafiwa uchungu, na wala si mageni. Yesu aliyajibu katika Injili ya Luka sura ya 13, somo ambalo Wakatoliki walilisikia kanisani Jumapili ya tatu ya Kwaresima, Machi 2025.

Mnara wa Siloamu, mjini Yerusalemu, ulikuwa umeanguka na kuua watu 18. Je, hao walikuwa wenye dhambi kuliko wenyeji wengine wa mji? Yesu alisema sivyo. Kisha akawageukia wasikilizaji na kuwaambia watubu wao.

Msomaji mpendwa, lipeleke somo hili Endarasha, eneo la Kieni, Nyeri. Usiku wa Septemba 5, 2024, moto uliteketeza bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha Academy, ambamo walilala wavulana zaidi ya 150. Walikufa 21, 19 papo hapo na wawili hospitalini. Rais William Ruto alitangaza siku tatu za maombolezo.

Watoto hao walikuwa wamelala tu. Yeyote atafutaye dhambi yao, au ya wazazi wao, anapingana na Injili. Waliomwelewa Yesu ni majirani waliowapokea manusura majumbani mwao usiku ule, kama alivyofanya yule Msamaria.

Lakini neno la kutubu bado linatudai. Baada ya habari za mnara, Luka anasimulia kuhusu mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia mbolea. Mkulima wa viazi wa Kieni analielewa jambo hilo vyema: muda wa nyongeza ni wa kushika jembe.

Sisi Wakenya tumeongezewa miaka mingi. Mei 1999, viranja wanne waliuawa kwa moto katika Shule ya Upili ya Nyeri. Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea Kyanguli, Machakos. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama: milango ya bweni ifunguke kwa nje wala isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma, kuwe na mlango wa dharura katikati, vitanda viachane mita 1.2. Mbolea tunayo, jembe ndilo hatujalishika.

Basi mzazi, siku ya kumtembelea mwanao usikomee kwenye chapati na kuuliza alama za mtihani. Omba kuliona bweni. Sukuma mlango uone unafungukia wapi, na utazame madirisha. Ukijibiwa vibaya, waite wazazi wenzako mwulize pamoja. Nawe mwanafunzi, ukiona mlango wa dharura umetiwa kufuli, sema. Makanisa yenye shule nayo yakague mabweni yao kwanza kabla ya kuwahubiria wengine.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumwombea mtoto alale salama ni jambo jema. Kuukagua mlango wa bweni lake ni sehemu ya sala hiyo hiyo.